Je, Wajua? Nyama ya Mwili Hufa Kimya Kabla Haijawa Nyeusi

Kila anayesoma ukurasa huu amewahi kubeba kipande cha nyama mfu mwilini mwake, na siku kilipodondoka nyumbani kwao walifurahi. Ni kitovu. Mkunga akishafunga na kukata, kile kisiki kinachobaki juu ya tumbo la mtoto hakipitishi damu tena. Siku ya kwanza ni kibichi, cheupe chenye usamawati kwa mbali. Siku ya tatu kimesinyaa. Baadaye kinakuwa cha kahawia, kisha cheusi na kikavu kama tende iliyosahaulika kabatini. Wiki moja au mbili zikipita, asubuhi moja mama anafungua nepi na kukikuta kimelala pembeni. Bibi anakichukua, anakizika chini ya mnazi au mgomba, na tangu hapo mtoto ana mahali pa kuita kwao.

Kitabibu, kilichotokea kwenye kisiki kile ni gangrini kavu, ile ile inayochukua kidole cha mguu cha mgonjwa wa kisukari. Damu imekatika, tishu imekufa, imekauka, imeachana na nyama hai. Kufa huku kwa seli na tishu ndani ya mwili ambao bado unaishi huitwa nekrosisi, neno linalotokana na jina la Kigiriki la maiti. Nimeanza na kitovu kwa makusudi, kwa sababu tukisikia nyama imeoza na mwenyewe yu hai, wengi wetu fikra hukimbilia kwenye uchawi au laana. Kumbe jambo hili lina hatua zake zinazojulikana, na ule weusi tunaoutambua sote ni hatua iliyo karibu na ya mwisho.

Je, wajua kwamba kwa seli kuna kufa na kufa?

Kila siku mtu mzima hupoteza seli zaidi ya bilioni 50, wala hasikii chochote. Seli hizo zinakufa kwa utaratibu. Mwaka 1972 wanasayansi watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliueleza utaratibu huo na kuupa jina la apoptosisi, neno la Kigiriki la kudondoka kwa majani ya mti. Seli husinyaa, hujikatakata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri ndani ya utando wake, na seli jirani huvimeza vipande hivyo. Hakuna uvimbe wala homa. Vidole vyako viliachana kwa njia hiyo: mkono wa mimba changa huwa bapa kama kasia, hadi seli zilizo katikati ya vidole zinapokufa na kupisha nafasi. Mkia wa kiluwiluwi nao hutoweka hivyo hivyo anapogeuka chura.

Nekrosisi haina adabu hiyo. Fikiria wapangaji wawili wanaotoka katika nyumba moja. Wa kwanza amefunga virago, amefagia chumba na kukabidhi ufunguo. Wa pili nyumba imemwangukia, na matofali yake yamewaumiza majirani. Seli inayokufa kwa nekrosisi hufura, hupasuka na kumwaga nje kila kilichokuwa ndani. Baadhi ya vitu hivyo havikupaswa kuonekana nje ya seli hata siku moja, na askari wa mwili wakivikuta wanajua kuna maafa. Wanamiminika. Hapo ndipo panapotokea wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Mara nyingi kinachomuuma mgonjwa ni kelele za majirani walio hai, kwa sababu seli iliyokufa haiumi tena.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nekrosisi daima ni ajali. Mwaka 2005 kundi la watafiti likiongozwa na Junying Yuan wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba seli inaweza pia kuamriwa kufa kwa kupasuka, hasa njia ya kufa kwa utulivu inapozibwa, kwa mfano na virusi. Afadhali nyumba ianguke na kengele ilie kuliko mwizi akae ndani kimya.

Je, wajua yanayotokea ndani ya seli dakika zile za kwanza?

Utotoni wengi tulifunga uzi kwenye ncha ya kidole ili tuone kitakuwaje. Kidole kilivimba kidogo, kikaiva rangi ya zambarau, kikawa baridi, halafu kikafa ganzi. Ulipofungua uzi damu ilirudi kwa kishindo, kidole kikawa chekundu na kikachomachoma kama kimeguswa na upupu. Bila kujua, ulikuwa umeziingiza seli zako kwenye mlango wa nekrosisi na kuzirudisha.

Seli huishi kwa nishati inayoitwa ATP, inayotengenezwa ndani ya mitokondria kwa kutumia oksijeni. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kwenye kazi moja isiyo na sifa: kutoa sodiamu nje. Sodiamu huvuja kuingia kwenye seli mchana na usiku, kama maji yanavyoingia kwenye ngalawa kuukuu, na utando una pampu zisizopumzika zinazoirudisha nje. Damu ikikatika, oksijeni inakatika. ATP inashuka, pampu zinalegea, sodiamu inajaa, na maji yanaifuata. Ngalawa inaanza kuzama. Seli inafura, utando wake unaota malengelenge, na tindikali inaongezeka kwa sababu seli sasa inachoma sukari bila oksijeni.

Hadi hapa bado inaokoleka. Damu ikirudi, pampu zinaamka na maji yanatolewa. Linaloimaliza ni kalisi. Nje ya seli kuna kalisi huru mara 10,000 kuliko ndani, na maisha yote ya seli yanategemea ukuta huo usibomoke. Nishati ikiisha, kalisi inaingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vilivyokuwa vimelala. Vingine vinakula mafuta ya utando, vingine vinakata protini, vingine vinararua chembe za urithi. Mitokondria nazo zinatoboka. Vifuko vilivyohifadhi vimeng'enya vya kusagia taka vinapasuka, na seli inaanza kujisaga yenyewe. Kiini chake hujikunja kikawa kidonge cheusi, au kikavunjikavunjika, na hatimaye hufifia hadi kisionekane chini ya hadubini. Utando ukishatoboka kiasi hicho, hata ukiirudishia damu yote ya mwili, seli hairudi.

Muda wa kufika hapo hautoshani. Ubongo una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili lakini hutumia asilimia 20 ya oksijeni, na seli zake za neva huanza kufa dakika 3 hadi 5 tu damu ikikatika kabisa. Msuli wa moyo huacha kukaza ndani ya dakika moja au mbili, lakini seli zake huvumilia dakika 20 hadi 40 kabla ya kufika mahali pasipo na marejeo. Misuli ya mguu inaweza kukaa saa kadhaa. Kidole, ambacho kina mifupa na kano nyingi kuliko misuli, huvumilia zaidi, na kikipozwa huvumilia zaidi tena, kwa sababu baridi hupunguza njaa ya seli. Ndiyo maana kidole kilichokatwa na mashine hufungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ndio unaowekwa juu ya barafu. Ukikigusisha kidole chenyewe kwenye barafu, unakiua kwa njia nyingine.

Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ya kiharusi kinachotokana na kuziba kwa mshipa mkubwa wa ubongo. Kwa wastani, mgonjwa asiyetibiwa hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Dakika zile ambazo ndugu hubishana kama mzee alale kwanza aone atakavyoamka, ubongo unazilipia.

Je, wajua kwamba kifo hiki huchelewa kuonekana?

Mtu akifa nusu saa baada ya mshipa wa moyo kuziba, mtaalamu akiupasua moyo ule na kuutazama kwa hadubini ya kawaida hataona kitu. Misuli inaonekana mizima. Alama za kwanza hujitokeza baada ya saa 4 hivi, na rangi kubadilika kwa macho huchukua muda mrefu zaidi. Kifo kimeshapita, picha bado haijasafishwa.

Kwa aliye hai, madaktari husikiliza habari kwenye damu. Seli za moyo zikipasuka huvujisha protini iitwayo troponini, nayo hupimika ndani ya saa chache. Ndiyo maana mtu mwenye maumivu ya kifua hupimwa, akaambiwa asubiri, akapimwa tena. Hawamzungushi. Wanangoja kuona kama seli zinaendelea kumwaga.

Weusi wa gangrini nao una sababu yake. Damu iliyonaswa kwenye tishu mfu huvunjika na kuachia chuma kilichomo ndani ya himoglobini. Bakteria wanaoozesha hutoa gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza. Chuma na salfa vikikutana hufanya kitu cheusi. Kidole kikiwa cheusi, basi, kilikufa kitambo. Kabla ya hapo kilikuwa cheupe, au cha buluu, au baridi kuliko mwenzake, au kilikuwa na maumivu yasiyolingana na kidonda chenyewe. Au hakikuwa na maumivu kabisa.

Je, wajua hatari iliyofichwa ndani ya msemo "kufa ganzi"?

Ukikalia mguu vibaya, unasema umekufa ganzi. Haujafa, neva imebanwa tu, na baada ya kuchechemea hatua chache unarudi. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari ganzi inaweza kuwa ya kudumu, kwani sukari nyingi huharibu neva za miguu polepole na wakati huo huo huzifanya njia za damu kuwa nyembamba.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi cherehani. Kazi yake ni ya miguu kama ilivyo ya mikono: kukanyaga, kuachia, kukanyaga. Siku moja mkewe aliona doa la damu kwenye kikanyagio. Walipoinua mguu walikuta kipande cha sindano ya cherehani kimezama kwenye unyayo, na nyama iliyokizunguka imeshakuwa nyeupe na laini. Alikuwa amekifanyia kazi siku mbili nzima. Hakusikia. Vidole viwili vilikatwa, na mguu ukapona kwa sababu ya doa lile tu. Tangu hapo kila jioni mkewe humwekea kioo kidogo sakafuni atazame nyayo zake, na hukung'uta viatu vyake kabla hajavivaa.

Ninalisimulia hili kwa sababu watu wengi huogopa kidonda kinachouma na kukipuuza kisichouma. Kwa mwenye kisukari, hilo lapaswa kugeuzwa.

Je, wajua kwamba tishu mfu inaweza kuwa yai, uji, jibini au sabuni?

Madaktari wa zamani walizifananisha aina za nekrosisi na vitu vya jikoni, na ukiona vielelezo unakubaliana nao. Moyo na figo vikikosa damu, protini zake huganda kama yai la kuchemsha, na umbo la tishu hubaki kwa siku kadhaa ingawa hakuna kinachoishi humo. Ubongo hufanya kinyume: hulainika, huyeyuka kama uji, na mahali pale hubaki shimo lenye majimaji. Jipu pia ni tishu iliyoyeyushwa, na usaha ni mchanganyiko wa seli zako zilizokufa, askari waliokufa vitani na bakteria.

Kwenye kifua kikuu, mwili huzungushia vijidudu ukuta wa seli, na katikati ya ukuta huo nyama hufa ikawa kitu cheupe, kikavu, chenye kumeguka kama jibini. Vijidudu alivyovitangaza Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 vinaweza kulala ndani ya jibini hilo kwa miaka.

Sabuni ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kongosho likiumwa ghafla, vimeng'enya vyake vya kumeng'enyea mafuta humwagika na kuyavunja mafuta ya mwili wenyewe. Asidi za mafuta hukamata kalisi ya damu na kufanya madoa meupe kama chokaa. Mtu aliyewahi kupika sabuni ya mafuta ya nazi anaijua kanuni hiyo. Sabuni inayotengenezwa tumboni inaweza kunyonya kalisi nyingi hadi kipimo chake kwenye damu kikashuka.

Je, wajua kwamba wengu unaweza kufa wote, na mwenyewe akaendelea kuishi?

Katika ugonjwa wa selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa myembamba. Wengu, wenye vijia vyembamba mno, hupigwa kidogo kidogo: kipande leo, kipande mwezi ujao. Wagonjwa wengi wakikua, wengu wao umeshakuwa kovu dogo lisilofanya kazi. Ndiyo maana watoto wenye selimundu hupewa chanjo za ziada na dawa ya penisilini ya kinga. Askari wao mmoja amekufa mapema. Jambo hilo hilo hutokea kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga. Kijana anayechechemea na kulalamika kinena kinamuuma asiambiwe ametegua tu mguu mpirani. Mfupa nao ni tishu hai, nao hufa.

Je, wajua kwamba damu ikirudi inaweza kuua?

London ilipopigwa mabomu na Wajerumani, watu walifukuliwa kutoka kwenye vifusi baada ya saa nyingi wakiwa wamebanwa miguu. Walikuwa wakizungumza, wamefurahi kuokolewa. Siku chache baadaye figo zao zilisimama na wakafa. Mwaka 1941 Eric Bywaters na mwenzake waliandika maelezo yaliyofumbua fumbo hilo. Misuli iliyobanwa ilikuwa imekufa, na jiwe lilipoondolewa, damu ilipita humo na kusomba potasiamu na protini za misuli hadi kwenye moyo na figo. Leo waokoaji waliofunzwa huanza kumpa majeruhi maji ya dripu angali chini ya kifusi, kabla ya kuinua nguzo iliyomlalia.

Je, wajua vidonda viwili vyenye nasaba na kwetu?

Kimoja kina jina la mahali nchini Uganda. Mwaka 1897 daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika habari za vidonda vikubwa visivyo vya kawaida. Miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana katika eneo la Buruli, ambalo sasa liko wilaya ya Nakasongola, na ugonjwa ukaitwa kidonda cha Buruli. Bakteria wake ni wa ukoo wa wale wa kifua kikuu na ukoma, lakini wao hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, inayoua seli za ngozi na mafuta na kuzima maumivu. Mtoto anakuwa na kinundu kisichouma, kisha kidonda ambacho kingo zake zimeliwa kwa chini, kikubwa zaidi ndani kuliko kinavyoonekana juu. Kikiwahiwa, hutibiwa kwa viuavijasumu kwa wiki 8.

Kingine huletwa na nyoka. Sumu ya moma, ambaye wengine humwita kifutu au bafe, na ya swila atemaye mate, huvunja tishu pale pale ilipoingia. Wengi wetu tulifundishwa kukaza kamba juu ya jeraha. Kamba ile huifungia sumu mahali pamoja na kukata damu, yaani vyanzo viwili vya nekrosisi kwa mkupuo. Kuchanja kwa wembe huongeza cha tatu. Kiungo kitulizwe kisichezecheze, pete na bangili zivuliwe kabla hakijavimba, na mtu apelekwe hospitali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Desemba 2023 likaongeza noma, gangrini inayoanzia kwenye fizi za watoto wadogo wenye utapiamlo na kula shavu kwa siku chache. Bila tiba huua hadi watoto 9 katika 10. Ikikutwa bado ni fizi inayovimba na kutoa damu, huzimwa kwa dawa za kawaida, kusafisha kinywa na chakula. Nashindwa kuiandika sentensi hiyo bila uchungu.

Je, wajua kwamba wafalme hawakusalimika?

Jean-Baptiste Lully, mtunzi wa muziki wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alikuwa akiongoza wanamuziki kwa kugonga fimbo ndefu sakafuni. Januari 1687 aliigonga kwenye mguu wake mwenyewe. Kidonda kikaingia gangrini, akakataa kukatwa mguu, na Machi akafa. Wakati ule wanamuziki walikuwa wanasherehekea kupona kwa mfalme baada ya upasuaji. Mfalme huyo naye, mwaka 1715, alianza kulalamika mguu unauma. Madaktari wakadhani ni neva ya nyonga. Madoa meusi yalipotokea, ilikuwa gangrini. Alikufa tarehe 1 Septemba, siku nne kabla ya kutimiza miaka 77.

Je, wajua ni nani anayeujua mpaka wa nyama hai na mfu kuliko daktari?

Nyama mfu haitibiki kwa dawa, kwa sababu dawa husafiri na damu na huko damu haifiki. Lazima itolewe. Tabu ni kujua pa kuishia kukata.

Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa Marekani William Baer aliletewa askari wawili waliolala uwanjani siku 7 bila chakula, mapaja yamevunjika, matumbo yamejeruhiwa. Walitarajiwa wawe wanaungua kwa homa. Hawakuwa nayo. Alipowavua nguo alikuta vidonda vimejaa maelfu ya mabuu ya nzi. Aliyaosha kwa kichefuchefu, na chini yake akaona nyama changa, safi, ya waridi. Baadaye, akiwa Johns Hopkins, alitumia mabuu kutibu watoto wenye mifupa iliyooza, na akajifunza kwamba lazima yafugwe katika usafi ili yasiingize pepopunda. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliyaruhusu rasmi kama tiba.

Yanayotumika ni mabuu ya nzi wa kijani aina moja maalumu. Buu hutema mate yanayoyeyusha tishu iliyokufa, halafu hunywa ule mchuzi. Likifika kwenye nyama yenye uhai husimama, na baada ya siku mbili tatu muuguzi huliondoa likiwa limenenepa.